Jua, ndakala na ampulu: mifupa ya watoto wetu



Wiki hii tuongee juu ya vitamini D. Siku hizi jina hili liko kila mahali. Mtoto akichelewa kutembea, jirani anasema: mnunulie vitamini D. Miguu ikipinda, shangazi anasema: vitamini D. Meno yakikawia kutoka, dawa ni ileile. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari. Naandika kwa sababu jambo hili lilinifikia nyumbani kwangu, na nusura nifanye kosa ambalo lingemdhuru mtoto wangu mwenyewe.

Kiboksi cha farmasi

Mwaka juzi mtoto wangu wa pili alifikisha miezi 16 bila kutembea. Alikuwa anasimama kidogo akishika kiti, halafu anakaa chini na kulia. Dada yake alitembea akiwa na miezi 12. Mama mkwe aliniambia nisiwe na haraka, kila mtoto ana siku yake. Wifi yangu akasema hapana, ni mifupa, nenda ununue vitamini D.

Siku moja nilipotoka kufundisha nikapita kwenye farmasi moja ya mtaani. Kijana muuzaji akanihesabia ampulu tano, kila moja ndani ya kiboksi chake. Nikamuuliza: "Nampa namna gani?" Akanijibu: "Mama, ni vitamini tu, haina mabaya. Moja kila asubuhi mpaka ziishe."

Asubuhi iliyofuata nikampa mtoto ampulu ya kwanza kwa kijiko. Jioni, nilipokuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, kile kiboksi kilikuwa hapo mezani. Nikatoa kikaratasi cha ndani, kimeandikwa Kifaransa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nikasoma, nikarudia kusoma. Ampulu moja ilikuwa na UI 100,000, na maandishi yalisema mtoto apewe moja tu kwa miezi mitatu.

Herufi hizo UI ni kipimo cha nguvu ya vitamini. Mtoto mchanga anahitaji UI 400 kwa siku. Basi nikafanya hesabu kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu: gawanya 100,000 kwa 400, unapata 250. Ampulu moja ilikuwa na vitamini ya siku 250. Ningempa zote tano kwa siku tano, angepokea kwa wiki moja vitamini ya zaidi ya miaka mitatu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mkurugenzi wa shule, nikambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali, na ampulu nne zilizobaki nikaziweka kwenye mfuko.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Alinituliza kwanza: ampulu moja peke yake haitamdhuru, hata wao madaktari wanaitumia kwa mpango. Lakini tano mfululizo ni jambo lingine. Vitamini D ikizidi mwilini, inajaza damu kwa kalsiamu. Mtoto anatapika, anakataa chakula, anafunga choo, anakuwa na kiu na kukojoa sana, anadhoofika. Figo zinaweza kuharibika. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama nyingine. Inakaa ndani ya mafuta ya mwili kwa wiki na miezi.

Halafu akaniuliza maswali ambayo kule farmasi hakuna aliyeniuliza. Mtoto anakula nini asubuhi? Mchana? Anabaki na nani ukiwa kazini? Anakaa nje au ndani?

Nikajibu ukweli. Asubuhi uji wa unga mweupe wa mahindi na sukari. Mchana bukari na mchuzi wa sombe kidogo. Anabaki na binti wa kazi. Na anakaa ndani, milango na madirisha yamefungwa, kwa sababu ya vumbi.

Daktari akashika mikono ya mtoto, akanionyesha vifundo vyake: vilikuwa vimevimba kidogo, kama amevaa bangili chini ya ngozi. Mimi nilidhani ni unene. Akaomba picha ya radio ya kifundo cha mkono, na picha ikaonyesha mifupa isiyokomaa vizuri kwenye ncha. Ndiyo ugonjwa unaoitwa kwa Kifaransa rachitisme. Sisi tunauona baadaye, miguu inapopinda, tunasema mtoto ana matege.

Mfupa unajengwa na vitu viwili

Nawaelezea kama daktari alivyonielezea. Kalsiamu ni kama tofali. Vitamini D ni kama fundi anayebeba tofali kutoka tumboni na kuziingiza mwilini, ili zikajenge mfupa. Fundi asipokuwepo, tofali zinabaki nje. Lakini pia, fundi akiwepo na tofali hakuna, nyumba haipandi. Mifupa inabaki laini, na mtoto akianza kusimama, uzito wake unaipindisha.

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya hawakujua sababu. Miaka 100 iliyopita watoto wengi wa miji yenye moshi na baridi walikuwa na matege. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, kuanzia mwaka 1919, mwanamke mmoja mwanasayansi wa Uingereza, Harriette Chick, alikwenda na wenzake Vienna, mji wa Austria uliokuwa na njaa. Kule walionyesha kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu walipona kwa mafuta ya ini la samaki au kwa mwanga wa jua. Ngozi yetu yenyewe inatengeneza vitamini D ikipigwa na jua.

Basi mtauliza: sisi wa Kolwezi tunakosaje, na jua letu hili? Ni swali zuri. Lina majibu mawili.

Jibu la kwanza: jua lipo, mtoto hayupo

Mwezi wa tano mpaka wa tisa, wakati wa kiangazi, malori ya migodi yakipita vumbi linafunika majani ya miembe mpaka yanakuwa mekundu. Mama mwenye akili anamfungia mtoto ndani. Na simlaumu, kwa sababu mimi nilifanya hivyo, na woga wetu una msingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao katika mtaa wetu wa Kasulo, ambapo watu walikuwa wanachimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wakubwa. Vumbi la hapa kwetu si la kuchezea.

Lakini mtoto anayekaa ndani siku nzima, wiki nzima, ngozi yake haipati jua. Kumweka karibu na dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia ile sehemu ya mwanga inayotengeneza vitamini. Hata akitoka, tunamfunga kofia, soksi, shuka mbili na kitenge juu. Uso tu ndio unaonekana.

Tufanye nini basi? Tuchague mahali na saa. Mahali: nyuma ya nyumba, upande usio wa barabara, au kwa bibi anayekaa mbali na njia ya malori. Mwageni maji chini kwanza ili vumbi litulie. Msimtandikie mtoto mkeka juu ya udongo mtupu. Muwekeni juu ya mapaja au kitandani. Akirudi ndani, mnawishe mikono kabla hajaipeleka mdomoni.

Saa: wengi tunasema jua zuri ni lile la asubuhi sana, la saa moja. Lile linampa joto, lakini vitamini ni kidogo sana. Kuna njia rahisi ya kujua, hata bila saa: simama, angalia kivuli chako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado dhaifu kwa kazi hii. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu ya kutengeneza vitamini. Hapa kwetu, hata mwezi wa sita, hiyo ni kuanzia kama saa nne za asubuhi. Mtoto asikae muda mrefu kwenye jua hilo. Dakika kumi na tano hivi, mikono na miguu wazi, kichwa kimefunikwa, mara kadhaa kwa wiki. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe, lakini sisi tuko karibu na ikweta na juu, kwenye zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo jua letu ni kali. Mtoto asiunguzwe.

Mtoto mwenye ualbino ni tofauti kabisa. Huyo lazima alindwe na jua, na mifupa yake tuiongelee na daktari.

Jibu la pili: sahani yetu

Hapa ndipo nilijifunza jambo nililokuwa sijui kabisa. Kule Jos, Nigeria, kuna jua jingi kama kwetu, na watoto wanacheza nje. Hata hivyo wengi walikuwa wanafika hospitali na matege. Mwaka 1999 madaktari waliofanya kazi kule walitoa matokeo ya utafiti wao kwa watoto 123 wenye ugonjwa huu. Waliwagawa katika makundi matatu: moja lilipewa vitamini D peke yake, moja kalsiamu peke yake, moja vyote viwili. Baada ya wiki 24, waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Sababu ilikuwa chakula. Wale watoto walikuwa wanapata kama miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Walikula nafaka, maziwa hawakunywa. Je, wamama, hiyo si sahani yetu? Bukari ya mahindi ina kalsiamu ndogo mno, karibu hakuna. Ya mihogo si bora sana. Na mahindi yana kitu kinachoikamata hata ile kalsiamu kidogo iliyopo tumboni isiingie mwilini. Mtoto akishaachishwa ziwa, anakula uji mweupe, bukari, chai na mandazi. Tumbo linajaa, mifupa inakosa tofali.

Madaktari bingwa wa nchi nyingi waliokubaliana juu ya ugonjwa huu mwaka 2016 walisema mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja apate kalsiamu zaidi ya miligramu 500 kwa siku, na kwamba chini ya 300 hatari inaongezeka. Kikombe kikubwa cha maziwa kina karibu 300. Lakini nani kati yetu anaweza kununua maziwa kila siku?

Ndiyo maana daktari wangu alipoandika dawa, aliandika vitamini D kwa kipimo chake, kalsiamu ya vidonge vya kusaga, halafu chini yake akaandika kwa mkono: ndakala.

Ndakala na kapenta tunawala wazima, na kichwa, na miiba. Kalsiamu iko kwenye miiba hiyo. Wakiwa wakavu, gramu 100 zao zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Thomson ni samaki mzuri, ana mafuta na vitamini D kidogo, lakini miiba yake tunaitupa. Basi kwa kalsiamu hamfikii ndakala. Sardini za kopo zinazoliwa na miiba yake nazo ni nzuri. Sombe, lengalenga na matembele vinasaidia pia, msiviache. Yai lina vitamini D kidogo kwenye kiini.

Unga wa ndakala kwa uji wa mtoto

Namna ninavyoutengeneza ni hii. Chagua ndakala wakavu wasionuka vibaya, wasio na ukungu. Toa mchanga, osha haraka kwa maji safi, anika tena mahali pasipo na vumbi mpaka wakauke kabisa. Wakaange bila mafuta kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga kwenye kinu na kichwa chake na miiba yake. Chekecha kwa chujio laini. Kinachobaki juu, twanga tena. Weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko.

Uji ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja kikubwa cha unga huo kwa bakuli la mtoto, acha uchemke. Mtoto akizidi miezi sita anaweza kuanza na kijiko kidogo cha chai. Ndakala waliotiwa chumvi nyingi msiwatumie kwa watoto wadogo. Mtoto wangu siku za kwanza alitema. Nikaongeza karanga zilizosagwa, akanyamaza na kula.

Lakini ziwa lisiachwe. Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake, na baadaye ziwa liendelee pamoja na chakula. Ni kweli maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Mtoto anazaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni, kwa hiyo mama mjamzito naye atoke juani na ale samaki.

Alama za kuangalia

Miguu iliyopinda kidogo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida, inajinyosha. Msianze kulia mkiiona. Lakini mpelekeni mtoto kituo cha afya mkiona mojawapo ya haya:

Miguu inaendelea kupinda baada ya miaka miwili, au mguu mmoja tu unapinda.

Vifundo vya mikono au vya miguu vimepanuka.

Mbavu zina vinundu mbele, kama shanga zimepangwa mstari.

Utosi umechelewa kufunga, paji la uso limetokeza, meno yanakawia sana.

Mtoto hajatembea kwa miezi 18, au alikuwa anatembea halafu ameacha, au analia akishikwa miguu.

Na hili ni la haraka, usiku au mchana: mtoto mdogo akipata degedege. Mara nyingi kwetu ni malaria, lakini kalsiamu ikishuka sana kwenye damu nayo inaleta degedege. Msimpeleke kwenye maombi au kwa jirani kwanza. Hospitali.

Mtoto mwenye mifupa laini anapata pia homa ya mapafu kwa urahisi, kwa sababu mbavu hazimsaidii kupumua vizuri. Na kwa mabinti kuna jambo la baadaye: nyonga iliyopinda utotoni inabaki nyembamba, na siku ya kujifungua inamletea shida kubwa. Tunapoangalia miguu ya binti wa miaka miwili, tunaangalia pia uzazi wake.

Katika darasa langu la kwanza nimekuwa na wanafunzi wenye matege. Wenzao wanawaita majina. Mmoja alikuwa anabaki darasani wakati wa mapumziko, anasema anachora. Mama yake aliniambia alidhani ni laana ya ukoo wa baba. Kwa mtoto aliyepatikana mapema, miguu mingi inajinyosha yenyewe akipewa dawa na chakula. Akichelewa sana, inabaki kazi ya daktari wa mifupa na kisu.

Kabla ya kununua vitamini D

Kwanza, mtoto aonwe. Siku ya kipimo cha watoto, ile CPS ya kila mwezi, usiishie kwenye mzani. Mwambie muuguzi: naomba uangalie miguu na mikono yake. Kuna watoto wanaohitaji vitamini D kweli tangu mwanzo, hasa waliozaliwa kabla ya wakati au wadogo sana. Hao daktari atawaandikia.

Pili, soma namba. Tafuta UI kwenye kiboksi. Ni UI ngapi kwa tone moja? Ngapi kwa ampulu? Apewe kila siku, kila mwezi au kila miezi mitatu? Kama hujui kusoma Kifaransa, mpe mtoto wako wa shule akusomee, au lete kwenye kikundi. Muuzaji asiyejua kukujibu, mrudishie dawa yake.

Tatu, chupa za matone hazifanani. Tone la chupa hii linaweza kuwa na nguvu mara nyingi kuliko tone la ile. Usitumie kitoneshi cha chupa moja kwa chupa nyingine, na usimpe mtoto aina mbili pamoja. Hata Ufaransa, mwanzoni mwa mwaka 2021, shirika la serikali linalosimamia usalama wa dawa lilitoa onyo, kwa sababu watoto wachanga walikuwa wamezidishiwa vitamini D kwa bidhaa ambazo wazazi walinunua kwenye intaneti. Wazazi wale walijua kusoma, wana madaktari karibu, na bado walikosea. Sisi tujihadhari zaidi.

Nne, msichanganye na vitamini A. Ile inayotolewa kwenye kampeni pamoja na dawa ya minyoo, kapsuli ya buluu kwa watoto wa miezi 6 hadi 11 na nyekundu kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano, ni vitamini A. Inalinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa kama surua. Mpelekeni mtoto aipate. Lakini haijengi mifupa, na aliyepewa A hajapewa D.

Tano, tunza mbali na watoto. Matone mengine ni matamu.

Mtoto wangu leo

Alikunywa dawa alizoandikiwa kwa miezi mitatu. Binti wa kazi nilimwonyesha ule mchezo wa kivuli, na kila siku isiyo na mvua walikaa nyuma ya nyumba chini ya ukuta wa jirani, mtoto na kofia yake. Alitembea akiwa na miezi 19. Picha ya pili ya radio ilionyesha mifupa inajengeka. Miguu yake bado ina upinde kidogo, daktari anamwangalia kila baada ya miezi sita. Anakimbia, anavunja sahani, anapanda mwembe. Zile ampulu nne nilimwachia daktari.

Nina ombi moja kwa vikundi. Wengi wetu tuna likelemba. Kwenye mkutano ujao, toeni kidogo kabla ya kugawa, mnunue pamoja gunia moja la ndakala. Bei ya gunia si bei ya kopo. Wanaojua kutwanga watwange, kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aende na kopo lake. Na siku hiyohiyo, kila mmoja alete viboksi na chupa za vitamini alizonazo nyumbani. Kaeni na mwenzenu anayesoma Kifaransa, tafuteni zile herufi mbili, UI, mfanye hesabu pamoja.

Mkikwama kwenye hesabu, walimu tupo.